Kikundi kinataka kujitolea hifadhini: Mikumi, Saadani au Udzungwa?

Mwaka wa kwanza tulijaza magunia thelathini na manne kando ya barabara kuu inayopita katikati ya Mikumi. Tukayapanga mstari, tukapiga picha na bango letu, tukapanda basi kurudi mjini. Magunia tukayaacha palepale. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshaongea na wenye gari la kuyazoa. Siku ya tatu dereva wa lori, mjomba wa kijana wetu mmoja, akapiga simu huku anacheka: nyani wameyafungua yote, wamejichagulia maganda ya maembe, na chupa zimesambaa kuliko tulivyozikuta.

Ndiyo maana kiongozi wa kikundi akinipigia na kuniuliza, "Dada, twende hifadhi gani?" mimi naanza na gunia. Likishajaa linaondoka na nani, na linakwenda wapi? Akinijibu hilo, mengine tunaelewana haraka.

Ninayoandika hapa ni kwa vikundi vya Dar es Salaam, Pwani na Morogoro: vijana wa kanisani na msikitini, skauti, klabu za Malihai (za uhifadhi wa wanyamapori) za sekondari, wanachuo. Watu kumi na tano mpaka arobaini, siku moja au mbili, hela ya kuchangishana. Hifadhi ninazozilinganisha ni tatu kwa sababu zote zinafikika kwa basi la kukodi bila kuuza ng'ombe, na kazi zake hazifanani hata kidogo.

Mikumi: taka za barabarani

Mikumi ni hifadhi ya taifa tangu 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na kutoka Dar ni kama kilomita 283. Kinachoipa kazi ya kujitolea ni ile barabara ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia, inayoikata hifadhi kwa kilomita 50 hivi. Mabasi ya Songea, ya Njombe, malori ya Tunduma na ya Kongo, yote yanapita humo, na kila dirisha lina mkono.

Ukipekua chini ya nyasi pembeni ya lami unaanza kusoma miaka. Juu kabisa kuna chupa za maji na vifuko vya biskuti vya juzi. Chini yake vipande vya rambo, ile mifuko iliyopigwa marufuku Juni 2019. Ukishuka zaidi unakuta viroba vya pombe kali, ambavyo havijauzwa kihalali tangu Machi 2017, na maandishi yake mengine bado yanasomeka. Vijana wetu walicheka sana siku walipogundua kwamba wanaokota viroba na kuvitia kwenye viroba.

Taka hizi haziharibu sura ya mahali tu. Nyani akishazoea kupata ganda la embe na hindi la kuchoma kando ya lami, anahamia kando ya lami. Akigongwa, tai na fisi wanafuata mzoga, nao wanagongwa. Kwa hiyo kijana anayeokota ganda la ndizi (ambalo wengi wanalidharau kwa kuwa "litaoza") anafanya kazi kubwa kuliko anayekimbilia chupa. Hili liambieni kundi kabla ya kuanza, maana bila kuambiwa watu huacha mabaki ya chakula na kuokota vinavyong'aa.

Ubaya wa Mikumi ni magari. Matuta yapo, vibao vipo, lakini dereva aliyechelewa ni dereva aliyechelewa. Bila vizibao vinavyong'aa, kama vile vya bodaboda, na bila askari wa hifadhi mbele na nyuma ya kundi, msishuke kwenye basi. Watoto wa chini ya miaka kumi na sita mimi siwapeleki barabarani, hata wazazi wakisaini. Na jambo moja ambalo halisemwi kwenye barua: chupa yenye maji ya njano si soda. Madereva wa safari ndefu hawasimami porini kujisaidia, na wana haki ya kuogopa simba. Glovu nene, chupa haifunguliwi, inaingia guniani ilivyo.

Je, kazi inadumu? Haidumu. Wiki mbili baadaye mabasi yameshatupa tena. Hapa ndipo watu wengi wanapoishusha Mikumi daraja, na ndipo mimi ninapoipandisha. Anayetupa anajulikana alipo. Abiria wa basi la kusini kanunua maji, karanga na mayai Stendi ya Msamvu, pale Morogoro mjini, na kufika Doma, kabla ya kuingia hifadhini, chupa imeshaisha. Anayetoka Mbeya kanunua vyake Ruaha Mbuyuni, pale kwenye vitunguu. Kikundi kinachookota asubuhi, kikahesabu kilichookota, halafu kesho yake kikashinda Msamvu kikizungumza na makondakta na kugawa mifuko ya taka ya kuning'iniza ndani ya basi, kimegusa shina. Kinachookota tu na kuondoka kimefyeka majani.

Saadani: ufukwe

Saadani ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, kilomita za mraba kama 1,100, nayo ndiyo hifadhi ambayo nyika inashuka mpaka baharini. Unaweza kuokota nyavu asubuhi na jioni ukaona twiga wanakatiza, bahari ikiwa nyuma yao. Kwa vijana ambao hawajawahi kuingia hifadhini, hiyo peke yake inalipa safari.

Kazi ya ufukweni inaonekana rahisi na kwa kiasi fulani ni kweli: hakuna lori linalokupita, uwanja ni mpana, hata kidato cha kwanza wanaweza. Ugumu wake ni wa kalenda. Mkienda siku yoyote mnayojisikia, mtakuta maji yamejaa mpaka kwenye vichaka na mtakaa mnayatazama. Ulizeni wavuvi. Wakati wa bamvua maji hupanda juu kabisa na kuacha mstari wa takataka kwenye mchanga mkavu. Siku mbili tatu baada ya hapo, maji yakikupwa, ndiyo siku yenu. Maji mafu hayaleti kitu kipya. Kusi ikivuma kwa nguvu huleta majani mengi ya baharini, na hapo vikundi vingi hukosea: wanayazoa na majani. Yaacheni. Yanashika mchanga, na wadudu wake ni chakula cha ndege. Mnaokota kilichotengenezwa na mtu, basi.

Na kilichotengenezwa na mtu ni kipi? Ndala. Sijui dunia nzima imepotezea wapi ndala ya mguu wa kushoto, ila za kulia zote ziko Saadani. Kisha vifuniko vya chupa, kamba za nailoni, maboya yaliyopasuka, na vipande vya nyavu vilivyozikwa nusu. Nyavu ndizo kazi yenyewe. Wavu uliolowa na kujaa mchanga unaweza kuwashinda vijana wanne, kwa hiyo msiuvute kama kamba ya kushindana. Chimbeni pembeni, kateni vipande kwa kisu cha mvuvi, pakieni kidogo kidogo. Kasa hutaga kwenye fukwe za Saadani, hasa upande wa Madete, na wavu uliokaa mchangani unaweza kumnasa mama anayepanda kutaga au vitoto vinavyokimbilia majini. Ukiutoa, umetoka. Haurudi mwenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo reki nzito na kuchimbachimba ovyo marufuku, maana kiota hukioni, na mahali pa kukanyaga ataonyesha askari.

Tukiziweka Mikumi na Saadani bega kwa bega, tofauti kubwa haiko kwenye uzuri wa mandhari. Mikumi mtupaji unampata. Saadani mtupaji yuko Mto Wami juu huko, yuko Dar, yuko kwenye jahazi, pengine yuko ng'ambo ya bahari. Hakuna stendi ya kwenda kumsubiri. Lakini Mikumi ukitoa chupa kumi zinakuja kumi nyingine, wakati Saadani wavu mmoja ulioondolewa ni hatari moja imekwisha kabisa. Kikundi chenye midomo mizuri, wanaojua kuongea na watu, kiende Mikumi. Kikundi chenye mikono na migongo kiende Saadani.

Gharama pia hazilingani. Mikumi mko kwenye lami mwanzo mpaka mwisho, na siku hizi mnaweza kupanda treni ya mwendokasi kutoka Dar mpaka Morogoro, kisha mkodi basi pale tu. Saadani mnapitia Bagamoyo na Makurunge, au mnazungukia Chalinze na Miono, na masika njia za vumbi za huko si za kuchezea. Halafu kuna lile suala langu la gunia. Kutoka ufukweni mpaka kwa mnunuzi wa plastiki ni mbali, hivyo bajeti ya Saadani bila kenta ya kubeba taka si bajeti. Nyavu na ndala wanunuzi wengi hawazitaki. Hizo mnakubaliana mapema na halmashauri zipelekwe dampo gani. Mwaka jana kenta ilitugharimu karibu sawa na chakula cha kundi zima, na mtunza hazina wetu hajanisamehe mpaka leo.

Kitu kimoja Saadani inacho ambacho Mikumi haina ni kijiji. Saadani yenyewe ni mji wa kale wa pwani, na wakazi wake wanaishi jirani kabisa na wanyama. Mkilala, waombeni wazee wawasimulie habari za Bwana Heri, mtawala wa Saadani aliyepigana na Wajerumani mwaka 1889. Wekeni hilo kwenye ratiba ya jioni badala ya muziki wa spika. Vijana wangu walikaa wamenyamaza saa nzima, jambo ambalo mimi nimelishindwa kwa miaka sita.

Udzungwa: njia za miguu, na kuni

Udzungwa inawafaa wachache, na nasema hivyo bila aibu. Ni hifadhi tangu 1992, kilomita za mraba 1,990 za milima na msitu. Hakuna kuzungukia na gari. Kila kitu ni miguu. Mnakata kushoto pale mji wa Mikumi, mnashuka Kidatu, mnaingia mashamba ya miwa mpaka Mang'ula, makao makuu ya hifadhi. Maporomoko ya Sanje, yenye kimo cha mita 170 hivi, ndiyo yanayowavuta wengi, na njia za kupandia huko ndizo zinazohitaji mikono: mvua inakata ngazi za udongo, mti unaanguka, maji yanajitafutia mkondo katikati ya njia.

Kazi ya njia ni ya kijana mwenye kifua. Jembe, sururu, kupanda na mzigo, kushuka na tope. Watu kumi na wawili wenye nguvu wanafanya zaidi ya arobaini wanaosubiriana kwenye njia nyembamba. Faida yake ni kwamba inabaki: mfereji wa kutoa maji uliochimbwa vizuri unaonekana msimu unaofuata, na taka za kubeba ni chache.

Lakini kazi ninayoipenda zaidi Udzungwa iko nje ya mpaka wa hifadhi. Hadi 2011 wanavijiji wa pembeni waliruhusiwa kuingia kwa utaratibu maalumu kuokota kuni zilizoanguka. Ruhusa ile ilipofutwa, mama wa Mang'ula hakuacha kupika. Kuni zikawa za kununua au za kuibia. Kwa hiyo kikundi kinachopanda miti ya kuni kwenye maeneo ya shule na mashamba ya kijiji, na kuongezea majiko banifu, kinalinda msitu bila kuugusa. Wengi hawaipendi kazi hii kwa sababu picha yake haina mnyama. Sawa, lakini kima na mbega wanaoishi mule ndani hawahitaji picha yenu.

Hapo niseme kidogo kuhusu miti, maana kila barua ya kikundi inaanza na "tunaomba kupanda miti 500". Ndani ya hifadhi? Uwanda wa Mkata pale Mikumi ni nyasi, na unatakiwa kubaki nyasi, kwani nyati na nyumbu hawali miche. Hata mikoko ya Saadani huwezi kuichomeka popote penye tope: iko ya aina nyingi, mkoko wenyewe una mahali pake, mchu una pake, mlilana uko mbele kabisa kwenye maji, na ukikosea kimo cha maji miche yote inaondoka na bamvua la kwanza. Panda miti mahali ambapo mtu anaishi na atamwagilia Agosti. Kama hakuna mtu huyo, okoeni hela ya miche.

Mbali na hizi tatu

Wa Arusha wasije Mikumi kufuata mkumbo. Huko kuna adui wa kwao, gugu karoti, lililotambuliwa nchini kwa mara ya kwanza Arusha mwaka 2010. Majani yake ni kama ya karoti, maua madogo meupe, na mmea mmoja mkubwa unaweza kutoa mbegu zaidi ya 15,000. Kwa kikundi cha siku moja hii ni kazi safi kuliko karibu zote, ila ina masharti: ling'olewe kabla halijachanua, na mzizi wake, udongo ukiwa umelowa. Mikono mirefu, glovu, barakoa, maana linawasha ngozi na kubana kifua. Mwenye pumu abaki kuhesabu. Mkienda likiwa limechanua mtalitawanya kwa viatu na tairi zenu, na mtakuwa mmelipa nauli ya kulisambaza.

Wenzetu wa Nairobi wanalo gugu hilohilo ndani ya mbuga yao, ile ya mwaka 1946, kilomita za mraba 117 ubavuni mwa jiji. Wao wana bahati: basi la asubuhi, chakula cha mchana nyumbani, na wanaweza kurudi mara nne kwa mwaka kwenye kipande kilekile cha ardhi. Kurudi huko ndiko kunakoua magugu. Wakumbuke tu kwamba tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki ya kutumia mara moja haiingii kwenye hifadhi za Kenya, hivyo yale maboksi ya chupa za maji ya wafadhili yanaishia getini.

Kutegua mitego ya nyaya ndiyo kazi vijana wanayoiota kuliko zote, na ndiyo ninayowakatalia. Serengeti kuna vikosi maalumu vya kazi hiyo tangu 2017, na wamo waliowahi kuwa majangili, watu wanaojua mtego unawekwa wapi. Kutembea kwenye vichaka penye nyati, nyoka na pengine mwenye mtego mwenyewe si mahali pa kwaya ya vijana. Hifadhi ikiwaalika, na askari wa kutosha, na wote ni watu wazima, nendeni. Msiombe. Moto ni hivyo hivyo: Oktoba 2020 mlima Kilimanjaro ulipowaka, mamia walipanda kusaidia kuuzima, wakiwamo wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, lakini wale wanasomea kazi hiyo.

Mkishachagua

Kama ni mara yenu ya kwanza, wengi wenu ni wanafunzi na mna siku moja, pimeni mfuko wenu: kenta mkiimudu, Saadani, siku mbili tatu baada ya bamvua. Mkiwa watu wazima, wanachuo hasa, wenye siku mbili, Mikumi pamoja na Msamvu, na hiyo siku ya Msamvu msiikate hela zikipungua. Kateni ya kuokota. Mkiwa wachache, imara, na mnaweza kurudi kila mwaka mahali pamoja, Udzungwa.

Barua inakwenda kwa Mkuu wa Hifadhi, na wenye kuwashughulikia mara nyingi ni watu wa Ujirani Mwema, kitengo cha hifadhi kinachoshughulika na vijiji jirani. Ipelekeni miezi miwili kabla. Andikeni idadi, umri, siku, kazi mnayoiomba na kazi ya pili kama ya kwanza haipo. Msidhani kujitolea kunafuta kiingilio. Ulizeni wazi, na mkipewa kumbukumbu namba ya malipo lipeni kabla ya safari, maana getini saa 1 asubuhi mtandao ukigoma mtapoteza jua lote la asubuhi. Panadol, bendeji, maji ya kutosha kwenye madumu, na mtu mmoja ambaye hafanyi kazi yoyote zaidi ya kuhesabu vichwa.

Safari yetu ya pili Mikumi, askari aliyetuongoza alikagua orodha yetu yote kwa utulivu, akaikunja, akaniuliza, "Mwalimu, haya magunia mnafungia nini?" Nikamwonyesha kamba za nailoni za rangi ya bluu. "Hizo," akasema, "ndizo mlizokuja kuokota." Tukamtuma kijana na bodaboda arudi Doma kutafuta kamba ya katani. Alirudi na robo tatu ya bunda la kamba na chenji pungufu, na kenta ya halmashauri ikaondoka saa 9 alasiri na magunia arobaini na moja, yote yamefungwa kwa katani.